Centre 6, Harvard 0: Msimu wa Chuo Kidogo cha Danville

Leo nina habari ya mpira wa vyuo. Ni msimu mmoja tu, wa chuo kimoja kidogo, katika mji mdogo wa Danville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, mwaka 1921. Chuo chenyewe kinaitwa Centre. Kilianzishwa mwaka 1819, na katika msimu ninaousimulia kilikuwa na wanafunzi wasiofika 300. Hesabu hiyo ishike vizuri, kwa maana mazungumzo yangu leo ni juu ya namna tunavyohesabu watu: nani tunamhesabu tunapoitaja timu, na nani tunamsahau.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani si kandanda letu. Kila upande una watu 11 kama sisi, lakini mpira una umbo la yai, hushikwa mikononi, na anayeushika hukamatwa na kuangushwa chini. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Ikifika, hupewa nne nyingine. Isipofika, mpira ni wa wapinzani. Mchezaji akivuka mstari wa mwisho na mpira, timu yake hupata alama 6, kisha hupewa nafasi ya kuongeza alama moja kwa teke. Siku hizi timu za Marekani huwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda, wakipokezana. Enzi zile haikuwa hivyo. Wale wale walioshambulia ndio waliobaki uwanjani kulinda. Kwa hiyo chuo kikubwa kilikuwa na faida ambayo haionekani mchezo unapoanza, ila huonekana watu wanapochoka: kilikuwa na akiba. Mmoja akiishiwa pumzi, benchi limejaa wengine wa kimo chake. Chuo cha wanafunzi wasiofika 300 hakina benchi la namna hiyo.

Sasa, timu ya Centre ilitoka wapi? Wengi wanaosimulia habari hii huanzia uwanjani, siku ya mechi kubwa. Mimi naanzia mbali zaidi, katika mji wa Fort Worth, jimbo la Texas, kwenye shule ya sekondari iitwayo North Side. Hapo alikuwapo kocha mmoja, Robert Myers, ambaye watu walimwita Chief. Myers alikuwa mhitimu wa Centre, na alikipenda chuo chake. Aliwaona vijana wake wa Fort Worth wana kipaji, akapania waende kucheza Danville. Miongoni mwao alikuwapo Alvin McMillin, aliyejulikana kwa jina la Bo, na James Weaver, aliyeitwa Red. McMillin na Weaver hawakuwa na masomo ya kutosha kuingia chuoni. Basi wakapelekwa kwanza Kentucky, kwenye sekondari ya mji wa Somerset, wakasome na kujaza pengo. Vijana wakubwa hao walirudi kukaa kwenye madawati ya sekondari ili wapate haki ya kuingia chuo.

Myers mwenyewe alikuja kuwa kocha wa Centre mwaka 1917. Akawatazama wachezaji, akaona kwamba timu hii inahitaji mtu mwenye ujuzi kumzidi. Wakati huo alikuwapo Charley Moran, aliyekuwa na mtoto wake katika timu hiyo. Moran alikuwa amewahi kuifundisha Texas A&M, na alikuwa pia mwamuzi wa besiboli katika Ligi ya Taifa ya Marekani. Myers akamwachia timu, yeye akabaki kusimamia michezo ya chuo. Msikilizaji, hapa natua kidogo. Mtu aliyewakusanya vijana kwa jasho lake, aliyehangaika kuwatafutia shule, anafika mahali anasema: huyu bwana ataifundisha vizuri kuliko mimi, mpisheni. Ni wangapi tunaoweza hilo? Katika michezo yetu, katika vyama vyetu, hata katika kamati za harusi, watu hung'ang'ania kiti mpaka kitu chenyewe kinaharibika. Myers aliipenda timu kuliko cheo chake katika timu. Ndiyo maana namhesabu katika ushindi wa 1921, ijapokuwa siku hiyo hakugusa mpira.

Mwaka 1919 Centre ilishinda mechi zake zote. Ushindi uliowatangaza ulikuwa dhidi ya West Virginia, 14 kwa 6. Walijulikana pia kwa kusali pamoja, na magazeti yakawapa jina la Praying Colonels, Makanali Wanaosali. Mwisho wa mwaka, Walter Camp, ambaye uteuzi wake wa wachezaji bora wa taifa uliheshimiwa kuliko wote, aliwaweka McMillin na Weaver katika kikosi chake cha kwanza. Wawili kutoka chuo kimoja kidogo cha Kentucky, sawa na wale wa vyuo vikubwa vya mashariki.

Sifa hizo ziliwafungulia mlango wa Harvard. Wakati ule Harvard kilikuwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi, chenye uwanja wa zege uliojengwa mwaka 1903, na siku ya kwanza ya mwaka 1920 timu yake ilikuwa imeshinda mchezo wa Rose Bowl huko California. Tangu mwaka 1916 Harvard haikuwa imeonja kushindwa.

Oktoba 1920 Centre ikasafiri kwenda Boston kucheza na Harvard. Hadi mapumziko, 14 kwa 14. Watu hawakuamini macho yao. Lakini kipindi cha pili ile akiba niliyoitaja ikafanya kazi yake. Harvard ikapata alama 17 zaidi, Centre haikupata kitu, mechi ikaisha 31 kwa 14.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Centre walikubali. Walichokipata kule ni maarifa: kwamba kwa nusu nzima ya mchezo wanaweza kusimama sawa na Harvard, na kwamba kazi iliyobaki ni kulinda nguvu na kufunga milango katika nusu ya pili. Wakarudi Danville, na miadi ya kwenda tena mwaka ujao ikawepo.

Ndipo ukaja msimu wa 1921. Walianza na Clemson, 14 kwa 0. Wakawafunga Virginia Polytechnic kwa matokeo hayo hayo. Kisha Xavier ya Cincinnati, 28 kwa 6. Zitazame hizo alama 6 za Xavier: ndizo pekee ambazo timu yoyote ilizipata mbele ya Centre tangu msimu ulipoanza mpaka mwaka 1921 ulipokwisha. Wiki iliyofuata wakacheza na jirani zao Transylvania, wakawafunga 98 kwa 0. Halafu wakapanda treni kuelekea Boston, safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 29 Oktoba. Uwanja ulijaa watu zaidi ya 40,000. Wageni hawakukosa washangiliaji, maana wanafunzi wa MIT, chuo jirani cha Harvard, walikuja kwa wingi kuishangilia timu ya Kentucky. Nusu ya kwanza ikaisha 0 kwa 0. Kila upande ulijaribu, kila upande ukazuiwa.

Robo ya tatu imeanza tu. Centre ina mpira, na imebakiza yadi 32 kufika mstari wa Harvard. McMillin anaupokea. Anaanza kukimbilia upande, kama anayetaka kuwazunguka walinzi kwa nje. Walinzi wa Harvard nao wanavutika kumfuata. Mara anakata, anageuza mwili, anaingia ndani, kule walikotoka wale wanaomfukuza. Wenzake wanamsafishia njia kwa mabega. Mlinzi huyu anamkosa, yule anamkosa, na McMillin anavuka mstari. Alama 6. Teke la nyongeza halikufaulu, na hilo ndilo lililofanya matokeo yawe 6, yasiwe 7.

Lakini, msikilizaji, mbio zile zilichukua sekunde chache tu. Baada yake palibaki karibu nusu nzima ya mchezo, na ndiyo nusu ile ile iliyowaua mwaka uliotangulia. Harvard iliingiza nguvu mpya, ikasukuma. Na wale 11 wa Centre, wachovu, wenye benchi jembamba, wakasimama. Safari hii milango haikufunguka. Watu husimulia mbio za McMillin, nami nimezisimulia kwa sababu zinastahili. Ila ukiniuliza ushindi ulipatikana wapi, nitakujibu: ulipatikana katika zile dakika ambazo hakuna aliyefunga, ambazo hazina picha ya kutundika ukutani, wakati kila mmoja wao alimwangusha mtu aliyekuwa mbele yake, akainuka, akamwangusha tena. Kazi ya ulinzi haina shujaa mmoja.

Kipenga cha mwisho kilipolia, wanafunzi wa MIT walivamia uwanja kwa furaha kana kwamba chuo kilichoshinda ni chao. Na Danville? Danville ililipuka. Wanafunzi walichukua rangi wakaanza kuandika matokeo kila mahali kwa mtindo wa fomula ya kemia: C kubwa na 6 yake, H kubwa na 0 yake. C ni Centre, H ni Harvard. Waliandika kwenye kuta za maduka na kwenye majengo ya chuo. Ukienda Danville leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, utaikuta fomula hiyo bado imeandikwa kwenye ukuta wa jengo la zamani la posta la chuo. Hakuna anayeifuta.

Timu nyingi ndogo zikimwangusha mkubwa, wiki inayofuata huanguka mbele ya yeyote. Centre hawakufanya hivyo. Jumamosi iliyofuata waliwafunga Chuo Kikuu cha Kentucky 55 kwa 0. Wakaifunga Auburn 21 kwa 0. Wakaenda New Orleans wakaifunga Tulane 21 kwa 0. Siku moja baada ya Krismasi walikuwa San Diego, upande wa pili wa nchi, wakiifunga Arizona 38 kwa 0. Ukiongeza mechi moja ambayo sikuitaja, ni mechi 10, ushindi 10.

Kisha wakapanda treni tena kwenda Dallas, Texas, kucheza mechi ya mwisho tarehe 2 Januari 1922. Wapinzani wao walikuwa Texas A&M, chuo kile kile ambacho kocha Moran alikifundisha zamani. Hapa mambo yalikuwa yamegeuka. Centre sasa ndio waliokuwa vigogo wa taifa, A&M ndio waliotarajiwa kupigwa. Na kwa McMillin siku hiyo ilikuwa na shughuli mbili: asubuhi alifunga ndoa na mchumba wake wa tangu ujana, mchana akaingia uwanjani. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. A&M walishinda, 22 kwa 14.

Katika mechi hiyo likatokea jambo ambalo hadi leo linatajwa Marekani nzima. A&M waliumizwa vibaya, mmoja baada ya mwingine wakitolewa nje, mpaka kocha wao, Dana Bible, akaanza kuogopa kwamba hatakuwa na watu 11. Juu jukwaani alikuwapo mwanafunzi aitwaye King Gill, mchezaji wa mpira wa kikapu, akiwasaidia waandishi wa habari kutambua majina ya wachezaji. Bible akamwita ashuke. Gill akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akaenda kusimama pembeni mwa uwanja, tayari kuingia. Akasimama mpaka mwisho. Hakuitwa. Hakugusa mpira. Lakini chuo chake kilimhesabu kuwa mtu wa 12, na tangu hapo desturi ikakua kwamba wanafunzi wa Texas A&M husimama muda wote timu yao inapocheza, kuonyesha kwamba nao wako tayari. Gill amejengewa sanamu nje ya uwanja wa chuo hicho.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Chief Myers hakucheza, Gill hakucheza, lakini wote wawili walikuwa sehemu ya kile kilichotokea. Timu ni pana kuliko orodha ya majina inayokabidhiwa mwamuzi. Na kama tukikubali hivyo, basi tuwe wakweli tuhesabu mpaka mwisho, tukiwataja na wale waliozuiwa mlangoni.

Mwaka 1904 jimbo la Kentucky lilipitisha sheria iliyokataza weusi na weupe kusoma pamoja katika chuo au shule yoyote. Sheria hiyo ilitungwa kukilenga Chuo cha Berea, kisicho mbali na Danville, ambacho kilikuwa kimewasomesha pamoja kwa miongo kadhaa. Berea ilikwenda Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1908 ikashindwa. Jaji aliyeandika kupinga hukumu hiyo alikuwa John Marshall Harlan. Ndiye yule yule aliyesimama peke yake mwaka 1896 kupinga hukumu iliyohalalisha ubaguzi katika treni. Na Harlan huyu, aliyezaliwa wilaya ile ile ya Danville katika familia iliyomiliki watumwa, alikuwa mhitimu wa Chuo cha Centre.

Wakati Danville inaimba na kupaka rangi kuta mwaka 1921, palikuwa na shule ya watoto weusi katika mji huo huo. Mkuu wake alikuwa John W. Bate, mtu aliyezaliwa utumwani, akasoma Berea kabla ya ile sheria, kisha akaiongoza shule ya Danville kwa miongo mingi. Vijana wa Bate walikuwa na miguu ya kukimbia na mabega ya kusukuma kama vijana wengine. Lakini hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuvaa jezi ya Centre, maana sheria ilikuwa imefunga. Chuo kilichosafiri hadi Texas kutafuta vipaji hakikuruhusiwa kuvuka barabara. Siisemi habari hii ili niwapunguzie vijana wale utukufu wao. Waliuhenyea, na ni haki yao. Naisema kwa sababu chuo kilikuwa kidogo mara mbili: kidogo kwa idadi, na kidogo kwa jinsi kilivyolazimishwa kuchagua.

Baada ya pale? Mwaka 1922 Harvard walilipa kisasi, 24 kwa 10. McMillin akawa kocha, na mwaka 1945 akaiongoza Indiana kumaliza msimu bila kushindwa. Mwaka 1950 waandishi wa michezo wa shirika la Associated Press waliuteua ushindi wa Centre juu ya Harvard kuwa tukio lililoshangaza kuliko yote katika futiboli kwa nusu ya kwanza ya karne. Na Centre yenyewe haikugeuka kuwa kiwanda cha futiboli. Leo inacheza katika daraja la tatu la vyuo vya Marekani, daraja ambalo mwanafunzi hapewi ada kwa sababu ya mpira. Anayecheza anacheza kwa kupenda, na Jumatatu yuko darasani.

Kwa maoni yangu, huo ndio mwisho mwema kwa chuo kidogo. Kilishinda kilipotakiwa kushinda, kikabaki chuo.

Basi, msikilizaji, nimalize kwa ombi. Kila mji wenye chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi au chuo cha ufundi una timu, na timu hiyo ina msimu. Mara nyingi hakuna anayejua imeshinda mara ngapi, nani aliwafundisha jioni bila malipo, nani alichanga nauli ya kwenda mechi ya ugenini. Mwakani maswali hayo hayatakuwa na majibu, kwa sababu hakuna aliyeandika. Danville waliandika ukutani, nasi tunaweza kuandika hata kwenye daftari. Nenda ukatazame mechi moja ya chuo cha mtaani kwako msimu huu. Andika matokeo, andika majina ya waliocheza, na chini yake andika la aliyefua jezi na la aliyekaa benchi mechi nzima. Kisha waulize viongozi wa chuo swali hili: ni kijana gani wa hapa jirani anayeweza kucheza lakini hajapewa nafasi, na ni kitu gani kinachomzuia? Kama ni ada, ijadiliwe. Kama ni kwamba ni msichana na chuo hakina timu ya wasichana, ianzishwe. Chuo kitakachojibu swali hilo kwa vitendo kitakuwa kimeifanya kazi ambayo Centre ya 1921, pamoja na sifa zake zote, haikuifanya.